Kinyozi na Kichwa cha Yatima



Waarabu wana methali isemayo kuwa kinyozi hujifunza kazi yake kwenye vichwa vya mayatima. Maana yake haihitaji mkalimani. Wembe ukiteleza juu ya kichwa cha mtoto mwenye baba, yupo atakayeuliza. Ukiteleza juu ya kichwa cha yatima, damu hufutwa na kazi ikaendelea.

Tumeikumbuka methali hii kwa sababu ya swali linalozuka kila tunapokutana, iwe ni harusini Arlington, msibani Houston, au kwenye nyama choma hapa Fort Worth. Mzazi amemkimbiza mtoto hospitali usiku wa manane. Anaingia kijana, anajitambulisha kuwa ni daktari, kisha anaongeza kuwa yeye ni felo. Mzazi hajui felo ni mtu gani, na akiuliza anaambiwa ni daktari aliye mafunzoni. Hapo moyo unapasuka. "Yaani mtoto wangu ndiye wa kujifunzia?" Wapo wanaodai daktari mkubwa aje mwenyewe. Wapo wanaonyamaza wasije wakaonekana washamba. Je, ni haki mtu kujifunza kazi kwenye mwili wa mtoto wa mwenziwe?

Kwanza tumjue huyo felo. Hapa Marekani mtu humaliza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, kisha husoma udaktari miaka 4. Akichagua tiba ya watoto hukaa hospitalini miaka 3 kama rezidenti. Akitaka kubobea katika dharura za watoto huongeza miaka mingine 3, na hiyo ndiyo inayoitwa ufelo. Nyumbani Tanzania siku hizi tungeiita ubingwa bobezi. Kwa hesabu hiyo, kijana anayeingia chumbani amekwisha kusoma na kufanya kazi miaka 11 baada ya sekondari. Fani yenyewe ni changa, mtihani wake wa kwanza wa kitaifa ulifanyika mwaka 1992. Mafunzo haya yapo Houston katika hospitali ya Texas Children's, yapo Dallas, na hapa kwetu Fort Worth yapo Cook Children's.

Kwa nini miaka 3 zaidi? Kwa sababu mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Dawa yake hupimwa kwa kilo zake. Njia yake ya hewa ni nyembamba, uvimbe kidogo tu unaiziba. Akipungukiwa na damu au maji, mwili wake huficha siri: presha hubaki nzuri kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla. Mtoto wa wiki mbili mwenye homa anaweza kuonekana mzima kabisa, lakini daktari mwenye busara atachukua damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo, maana katika umri huo maambukizi hayajitangazi. Sindano hiyo ya mgongo ndiyo inayowatisha wazazi kuliko yote. Mgongo wenyewe ni mdogo kuliko kiganja cha daktari.

Sasa mkono wa kuchoma sindano ile unapatikana wapi? Siku hizi wanajifunzia kwanza kwenye wanasesere wa plastiki, na hilo ni jambo jema. Lakini mwanasesere hajikunji wala halii, na hana mama aliyesimama pembeni akitetemeka. Ipo siku lazima mkono utoke kwenye plastiki uende kwenye ngozi. Kila bingwa tunayemdai usiku alikuwa na mtoto wake wa kwanza, na mtoto huyo alikuwa na wazazi. Sote tukikataa, wajukuu zetu watakosa wa kuwatibu.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila haitoshi. Hata kinyozi wa methali angeitoa: "Nisipojifunza, nani atawanyoa kesho?" Methali hailalamiki kwamba kinyozi anajifunza. Inalalamika jinsi anavyochagua kichwa. Kwa miaka mingi, Ulaya na huku Marekani, hospitali za kufundishia zilikuwa za maskini, na tajiri alitibiwa nyumbani kwake na daktari aliyekwisha kuiva. Maskini alitoa mwili wa kujifunzia na tajiri akavuna ustadi.

Leo mlango ni mmoja. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazitaka idara za dharura zimpime kila anayeingia na kumtuliza aliye hatarini, awe na bima au asiwe nayo. Cook Children's yenyewe ina mizizi katika hospitali ya bure ya watoto wachanga iliyofunguliwa Fort Worth mwaka 1918, na leo mtoto wa wakili na mtoto wa mbeba boksi huketi kwenye ukumbi mmoja kusubiri. Lakini vichwa bado vinaweza kuchaguliwa. Sisi wenye Kiingereza cha kutosha na bima nzuri tukisema, "Felo asimguse wangu," sindano ile haitupwi. Inahamia chumba cha pili. Na katika chumba cha pili, hapa Fort Worth, huenda ameketi mama wa Kikongo aliyeletwa kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Anazungumza Kiswahili kama sisi, Kiingereza hana, na hajui kama kuna ruhusa ya kuuliza. Hapo yatima wa methali ana jina na kabila, tena ni jirani yetu.

Mtatuambia: mzazi ana wajibu gani wa kutoa ngozi ya mwanawe kwa ajili ya haki ya jamii? Mtoto hakuombwa. Wa kwanza katika ulinzi wa mzazi ni mwanawe, si mtoto wa chumba cha pili. Hoja hii ni nzito, na hatuwezi kuimaliza kwa hesabu. Tunachoweza kusema ni kwamba kuna tofauti kati ya kumtoa mtoto kafara na kumkubali felo anayesimamiwa. Tofauti hiyo iko katika usimamizi na ukweli.

Sisi wahandisi wa Texas tuna sababu ya kulijua hili. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, mashariki ya jimbo hili, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya shule na kulipuka. Walikufa wanafunzi na walimu karibu 300. Mwaka huohuo Texas ilitunga sheria ya kuwasajili wahandisi, na gesi ikaanza kutiwa harufu ili ikivuja watu waijue. Leo mwenye shahada ya uhandisi hufanya kazi miaka 4 kwa kawaida kabla ya kupewa muhuri wake mwenyewe, na muda wote huo michoro yake hutiwa muhuri na mwingine anayebeba lawama. Kwa hiyo na kazi yetu ilifunzwa kwenye vichwa vya watoto, ila wale wa New London hawakuulizwa na hapakuwa na mwenye muhuri.

Felo ana mwenye muhuri. Nyuma yake yupo daktari bingwa anayewajibika kwa kila analofanya. Mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu bila kuomba radhi: Wewe ni nani na uko mwaka wa ngapi? Bingwa wako ni nani, na atakuwepo chumbani? Ukijaribu ikashindikana, utamwachia mwingine baada ya mara ngapi? Daktari mwema hachukizwi na maswali haya. Asiyejua Kiingereza adai mkalimani: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumleta bila malipo. Na sisi tunaojua, tumfundishe yule mama wa Nyarugusu maswali hayohayo.

Lipo deni jingine linalotuhusu, na hili linatoka nyumbani kuja huku. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa mtoto mwenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Jambo hilo lilipimwa kwa makini katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo Kilifi, Mbale na Muheza, kwa watoto 3,141. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji hayo ya haraka, 10 hadi 11 walifariki ndani ya saa 48. Kati ya 100 ambao hawakupewa, walifariki 7. Dunia ya tiba ilishtuka. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 sasa unatenganisha hospitali zenye chumba cha wagonjwa mahututi na zisizo nacho, na zile zisizo nacho huambiwa zisimwagie mtoto maji hayo ikiwa presha yake haijashuka.

Wazazi wale wa Kilifi na Muheza waliombwa kauli usiku, mtoto akiwa mahututi. Waliozidiwa na hofu walitoa ruhusa ya mdomo, maelezo kamili na saini vikafuata baadaye. Felo wa Fort Worth leo husoma matokeo yaliyopatikana kwa watoto wao. Je, wao walipata nini? Kidogo kinaanza kurudi. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza hapo hapo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho hufunza mabingwa bobezi wa dharura na watoto mahututi, pamoja na Hospitali ya Kenyatta na ile ya Kijabe. Bado ni wachache mno kwa watoto waliopo.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Ni haki kujifunza kwenye mtoto wa mtu, kwa masharti: mwenye mtoto aambiwe ukweli, fundi mkuu awe karibu, vichwa visichaguliwe kwa unyonge, na ustadi uwafikie pia waliouchangia. Sharti la kwanza na la pili ni la hospitali. La tatu ni letu sisi wazazi, kila tunapoulizwa usiku kama felo aendelee. La nne ni letu sote tulio ughaibuni, hasa wenye watoto walioko vyuo vya udaktari huku.

Tungependa kusikia maoni yenu, hasa ya wauguzi na madaktari mlio miongoni mwetu.