Taa Inayomsemea Jirani

Pikapu nzito za dizeli za Marekani, mfano Ford F-250, Chevrolet Silverado 2500 na Ram 2500, zimeundwa kwa kazi za suluba. Huvuta matrela ya ng'ombe, hubeba mashine za kulehemu na mabomba, hupanda milima zikiwa na tani kadhaa nyuma yake. Mbele ya dereva kuna dashibodi iliyojaa taa ndogondogo, na kila taa ina neno lake. Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa la fundi na gereji tu. Lakini ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi: mtu akionywa, anadaiwa nini, na anayemdai ni nani?

Rangi husomwa kwanza. Nyekundu humtaka dereva asimame mara apatapo mahali salama, njano humtaka ashughulike mapema, kijani na buluu humjulisha tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wapo wanaodhani inasema oili imepungua, wakaongeza lita moja na kuendelea na safari. Kumbe inasema presha ya oili imeanguka. Oili inaweza kuwa tele, lakini pampu ikifa, vyuma husagana vikavu na injini ya maelfu ya dola huweza kuharibika ndani ya dakika chache. Dawa yake ni kuzima injini papo hapo.

Taa ya maji kwenye dizeli nayo si ya kupuuza. Injini za sasa husukuma mafuta kwa presha inayoweza kuzidi baa 2,000, yakapita kwenye matundu membamba mno ya nozeli, na dizeli yenyewe ndiyo inayoilainisha pampu. Maji hayalainishi, huleta kutu na mikwaruzo. Dereva anayefungua koki ya kichujio na kuyamwaga maji hupoteza dakika chache tu, ilhali anayepuuza huenda akanunua pampu na nozeli zote. Taa ya njano yenye picha ya koili, kwa upande wake, huomba subira tu: joto lipatikane kwanza, ndipo dereva apige stata.

Kwa taa za namna hii, wahenga walishamaliza kazi waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ujumbe wa taa na masilahi ya dereva viko upande mmoja. Ili kuitii, hahitaji imani wala falsafa. Inatosha aipende mali yake.

Kuna kundi la pili la taa, na hapo methali hiyo haitoshi. Moja ni taa ya kichujio cha masizi, kilichowekwa kwenye bomba la moshi ili kunasa chembe nyeusi za dizeli. Masizi yakijaa, kompyuta ya gari hupandisha joto la moshi hadi kiasi cha nyuzi 550 au 600 za Selsiasi ili yaungue na kubaki majivu. Gari linalotembea safari fupi za mjini halipati nafasi ya kufikia joto hilo, ndipo taa inapowaka kumtaka dereva ashike barabara kuu na kwenda mwendo wa kutotetereka kwa muda. Nyingine ni taa ya tangi la urea. Mchanganyiko huo, wenye asilimia 32.5 ya urea na maji yaliyosafishwa, hunyunyizwa kwenye moshi ili oksaidi za nitrojeni zigeuke kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji.

Kichujio kilichoziba kinaweza kuisumbua injini, ni kweli, lakini hakikuwekwa kwa ajili ya injini. Kiliwekwa kwa ajili ya mapafu ya mwuza matunda kando ya barabara, ya mtoto anayesoma shule iliyopakana na barabara kuu, ya mzee mwenye pumu ambaye hatamwona dereva huyo maishani. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Taa ya oili humwonya dereva juu ya mali yake. Taa ya masizi humsemea jirani. Mkaidi akiipuuza, guu litakalovunjika ni la mtu mwingine.

Mwanahisabati wa Uingereza, W. K. Clifford, aliandika mwaka 1877 insha mashuhuri kuhusu maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyejua kwamba chombo chake kimechakaa na huenda kinahitaji matengenezo makubwa. Kilikuwa kikijiandaa kubeba familia za wahamiaji. Mwenye meli akazituliza shaka zake moja baada ya nyingine: meli imeshavuka bahari mara nyingi, Mungu hatawaacha watu hawa. Akaamini kwa moyo wote kwamba meli ni nzima. Ilizama, naye akapokea fidia ya bima. Clifford alisema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, kisha akaenda mbali zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe, kwa sababu kosa lilishatendeka pale alipoamini ilhali ushahidi aliokuwa nao haukumpa haki ya kuamini.

Hoja hiyo inawahusu moja kwa moja madereva wanaosema, "Taa imewaka mwezi mzima na gari bado linakwenda." Gari kwenda si ushahidi kwamba onyo lilikuwa la uongo. Kwa taa za kundi la pili, si ushahidi wa lolote kabisa, maana dhara lake halitokei ndani ya gari.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi ya kupuuza. Nchini Marekani kuna biashara ya kung'oa kichujio cha masizi na mfumo wa urea, kisha kuibadilisha programu ya kompyuta ili taa isiwake tena. Ripoti ya shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, iliyotoka mwaka 2020, ilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimefanyiwa hivyo katika muda wa takriban miaka kumi. Oksaidi za nitrojeni za ziada ambazo magari hayo yangetoa katika uhai wake zilikadiriwa kuwa zaidi ya tani 570,000, sawa na kuongeza pikapu milioni 9 barabarani. Huko si kushindwa kusikia tena. Ni kumziba shahidi mdomo.

Na anayeziba mdomo si dereva peke yake. Desemba 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Cummins, inayotengeneza injini za dizeli za Ram 2500 na 3500, imekubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675, kubwa kuliko faini zote za madai zilizowahi kutolewa chini ya sheria ya hewa safi ya nchi hiyo. Serikali ilidai kwamba injini zipatazo 630,000 za matoleo ya 2013 hadi 2019 zilikuwa na programu za kukwepa udhibiti wa moshi. Kampuni haikukiri kosa. Lakini aina ya tuhuma yenyewe inatisha: kama ni kweli, dereva mwaminifu alijaza urea, akatii kila taa, akafika nyumbani akiamini hajamdhuru mtu. Dashibodi ilikuwa kimya, na ukimya huo ndio uliompotosha.

Dini zilishautambua mpangilio huu wa onyo na ukimya. Sura ya 75 ya Kurani inaitaja nafsi inayojilaumu, na wafasiri wengi wameiona kuwa neema, kwa sababu lawama ya ndani ndiyo inayomrudisha mtu njiani. Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, anawataja watu ambao dhamiri zao zimechomwa kama kwa chuma cha moto, yaani haziumii tena. Mapokeo yote mawili yanakubaliana kwamba kutosikia maumivu kunaweza kuwa ugonjwa mkubwa kuliko maumivu yenyewe. Fikihi nayo inakataza kudhuru, hata kama mwenye kudhuru anatumia mali yake mwenyewe: mwenye nyumba hana ruhusa ya kuelekeza maji machafu uani kwa jirani kwa hoja kwamba bomba ni lake.

Afrika Mashariki imo ndani ya suala hili. Salfa nyingi katika dizeli huharibu mifumo ya kusafisha moshi, na ndiyo maana hatua ya Januari 2015, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilipohamia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, ilikuwa na maana kubwa. Magari yenye vichujio yanaweza sasa kuishi huku. Fundi anayeletewa gari lenye taa ya masizi ana njia mbili: kutafuta chanzo, au kung'oa na kuzima. Njia ya pili ni ya haraka, na mteja atashukuru. Asiyeulizwa ni yule atakayevuta ule moshi.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Wakulima na wasafirishaji wa Marekani wana lalamiko la kweli: sensa moja ya urea ikiharibika, baadhi ya magari hupunguza mwendo hadi karibu kilomita 8 kwa saa, hata kama tangi limejaa na trela lina ng'ombe wanaosubiri maji. Onyo linaloadhibu asiye na kosa hujenga chuki, na chuki hiyo imewapeleka wengi kwa mafundi wa kung'oa. Anayeonya anadaiwa ukweli na uadilifu, kama vile anayeonywa anavyodaiwa usikivu. Agosti 2025 EPA ilitoa mwongozo wa kuwahimiza watengenezaji warekebishe programu zao, ili dereva apate muda mrefu zaidi kabla ya gari kupunguziwa nguvu.

Mabadiliko hayo yakifanyika, yatalirudisha jambo mikononi mwa dereva. Mwaka 1785 mwanafalsafa Kant alitoa mfano wa mwenye duka asiyewapunja hata watoto, akauliza kama anafanya hivyo kwa wajibu au kwa kulinda biashara yake tu. Gari linapogoma upesi, haiwezekani kumtofautisha anayejaza urea kwa hofu na anayejaza kwa kumjali mwenzake. Muda wa kupuuza ukiongezwa, tofauti hiyo itaanza kuonekana kwenye vituo vya mafuta, ambako urea huuzwa pamoja na dizeli na galoni zake chache hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kujaza tangi.