Kuona na Kulinda

Mtu akipewa chombo kionacho kumpita yeye, je, wajibu wake wa kuangalia hupungua? Swali hili laonekana jepesi, lakini katika viwanja vya ndege limekwisha kugharimu roho za watu.

Wengi hudhani kwamba hatari ya ndege i angani tu. Sivyo. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana ardhini ndani ya ukungu mzito. Moja ilikuwa ikienda mbio ili iruke, na nyingine ilikuwa ingali katika njia ile ile. Waongozaji waliokuwa mnarani hawakuziona, wala hawakuwa na rada ya kuangalia uwanja. Watu 583 walikufa.

Siku hizi ukungu hauna nguvu kama zamani. Chombo ndani ya ndege hupokea mawimbi ya setilaiti zisizopungua nne, zizungukazo dunia kwa kimo cha kilomita 20,000 hivi. Hupima muda wa safari ya mawimbi hayo, kikatambua mahali ndege ilipo. Kisha ndege hutangaza mahali pake, na mwongozaji huiona katika kioo ikitambaa kama siafu juu ya ramani. Rubani aliye mgeni naye huonyeshwa njia. Hii ni neema, na aidharauye hana busara.

Hata hivyo, tukisema kweli, setilaiti haina jicho. Haijui kwamba ndege ipo. Kazi yake ni kutangaza saa yake na mahali pake tu. Anayeona ni mtu, kama akitazama.

Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya abiria ilitua ikaigonga ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa imesimama katika njia hiyo. Watu wote 379 wa ndege kubwa waliokoka, lakini watano kati ya sita wa ndege ndogo walikufa. Uwanja ule ulikuwa na chombo cha kuilinda njia, nacho kilitoa ishara katika kioo. Waongozaji hawakuitambua.

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Tusiwalaumu upesi watu wale: kazi yao ni nzito, na kila mmoja ana macho mawili tu. Lakini tujifunze. Tenerife watu walikosa chombo. Haneda chombo kilikuwapo, na ishara yake ikapita bure.

Nawe kijana, utarithi vyombo vingi kuliko baba zako. Vipokee kwa shukrani, uvitumie kwa ustadi, wala usivikabidhi dhamana yako. Chombo huonyesha, kulinda ni kazi ya mtu.