Mkate Kwanza, Maneno Baadaye

Somo: 1 Wafalme 19:1–18



Mzee mmoja wa usharika aliniuliza hivi karibuni, "Baba Mchungaji, binti yetu ataka kwenda chuo kikuu miaka miwili kujifunza kuwahudumia watu walioumizwa mioyo. Sisi tunayo Biblia, tunayo na maombi. Kwa nini tumlipie ada ili akafundishwe kupenda?" Swali hili si la upuuzi. Nataka kulijibu kwa Neno la Mungu, na kwa kosa langu mwenyewe.

Mtazameni Eliya. Alikuwa amekwisha kushinda pale Karmeli. Hata tisho la Yezebeli lilipomfikia, aliogopa akakimbia. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Huyu si mtu asiye na imani. Huyu ni nabii. Naye Mungu alimfanyia nini? Hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamgusa, akamwambia ale, kwa kuwa safari ni kubwa kumliko. Wala hakumwuliza neno lo lote. Swali lilikuja baadaye, huko Horebu, baada ya siku arobaini. Ndipo Eliya alipoumwaga moyo wake. Akaulizwa tena, akajibu maneno yale yale, wala Mungu hakuchoka kumsikiliza. Mwisho akarudishwa kazini, akapewa Elisha awe mwenzake, akajulishwa kwamba wako watu elfu saba katika Israeli wasiompigia Baali magoti.

Basi utaratibu ndio huu: kwanza usalama na pumziko, pili kusema na kulia, tatu kurudi kati ya watu. Mwaka wa 1992 Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alitoa kitabu juu ya watu walioumizwa na vita na jeuri za nyumbani. Alieleza kupona kwao kwa hatua tatu: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, na kuungana tena na wenzao. Sisemi kwamba aliyachota hayo katika kitabu cha Wafalme. Nasema tu kwamba Muumba wa moyo aliujua moyo kabla ya madaktari.

Mimi niliupindua utaratibu huo. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alikuja kwangu usiku, amekimbia nyumbani kwake, mtoto mgongoni. Nilimhurumia kweli. Lakini kabla hajaketi nikamwuliza habari zote. Kesho yake nikamwita aziseme mbele ya wazee. Na juma la pili nikamwita tena, maana mzee mmoja hakuwapo siku ile. Alipotetemeka na kuchanganya siku, mmoja wetu akamwona mwongo, nami nikanyamaza. Mama yule hakurudi tena kanisani. Hatukumchukia, tulimhurumia, ila hatukujua. Leo najua ya kuwa mtu aliyepatwa na kiwewe aweza kukumbuka harufu na sauti, akasahau siku na mfuatano wa mambo. Tuliyoyaona kuwa dalili za uongo yalikuwa alama za jeraha.

Ujinga huo haukuwa wetu peke yetu. Mwaka wa 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika habari za askari waliopotewa na kumbukumbu na kuona baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Hata hivyo wengi wa namna hiyo waliitwa waoga. Ilikuwa mwaka wa 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoliandika jeraha hili kwa jina lake katika kitabu chao cha magonjwa.

Je, binti yetu atajifunza nini? Viko vyuo vilivyoyaweka mafundisho yote ya uzamili wa ustawi wa jamii juu ya msingi huu, kama chuo kikuu cha Buffalo huko Marekani tangu mwaka wa 2009. Katika nchi ile mwanafunzi wa kazi hiyo hawezi kumaliza bila kutumika kati ya watu kwa saa 900 kwa uchache, chini ya uangalizi wa waliomtangulia. Hujifunza kwa nini mtu hushtuka mlango ukigongwa, na kwa nini usingizi humkimbia. Hujifunza kuomba ruhusa kabla ya kugusa, kueleza litakalofuata, kumwachia mtu achague, na kutolazimisha habari itoke. Shirika la Afya Duniani nalo laonya kwamba kumfanya mtu asimulie msiba wake katika kikao kimoja mara tu baada ya kupatwa si dawa. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi kimya. Walikosa walipofumbua vinywa ili kutafuta dhambi yake.

Tena mtakumbuka kwamba aliyechoka chini ya mretemu alikuwa mtumishi. Anayesikiliza machozi ya wengine kila siku, naye huumia. Kwa hiyo binti yetu atafundishwa kuutambua uchovu wake mapema, na kutafuta mwenzake wa kumwambia, asije akamwacha Beer-sheba.

Elimu hii haiokoi mtu. Aokoaye ni Kristo. Siku ile ya ufufuo aliwakuta wanafunzi wamefunga milango kwa hofu. Hakuwalaumu kwa kufunga. Aliwapa amani kwanza, kisha akawaonyesha jeraha zake mwenyewe.

Basi, mzee wangu, jibu langu ni hili: hatumlipii binti ili afundishwe kupenda. Upendo anao, ameupata kwa Bwana. Twamlipia ili upendo wake usimwumize yule anayetaka kumsaidia, kama wangu ulivyomwumiza mama yule. Tutoe, tena tutoe kwa furaha. Nasi tutakaobaki nyumbani, akija mtu usiku amekimbia, tumpe mkate, maji na mahali pa kulala. Maswali yatangoje.

Bwana Yesu, utusamehe tuliowajeruhi kwa kutojua, uwatafute waliotukimbia, na uwape watumishi wako moyo wa huruma na akili ya kuitumia. Amin.