Theluthi ya Mwenzako

Tarehe 22 Machi 2014, boti lililopakia watu kupita uwezo wake lilipinduka katika Ziwa Albert. Waliokuwamo walikuwa wakimbizi wa Kikongo waliotoka kambi ya Kyangwali, Uganda, wakirejea kwao. Walikufa maji watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto wengi.

Msiba wa namna hii haukosi mtu wa kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Kwa mfiwa neno hilo ni dawa, wala hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Shida huanza linapotamkwa ufukweni, mota haijawashwa bado, ili kumnyamazisha anayeuliza jile za kuokolea ziko ngapi.

Bunia, juu ya ziwa hilo upande wa Kongo, ni mji wa sala. Safari ya kwaya au ya vijana wa parokia kuteremka Kasenyi, kando ya ziwa, huweza kuombewa hata kabla haijapangwa, na anayetaka kujua nani hajui kuogelea akaambiwa anawachuria wenzake. Je, kujiandaa kwa ajali ni upungufu wa imani?

Wazamiaji wanalo jibu la vitendo. Mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kadiri anavyovuta pumzi, na tangu hapo kanuni nyingi za kazi hiyo zimetokana na vifo. Wanaoingia mapango ya chini ya maji hugawa hewa mafungu matatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya akiba, ambayo mwenzako akiishiwa ndiyo itakayomtoa. Yaani mtu amebeba mgongoni pumzi isiyo yake. Mtungi unaofika kwanza kipimo cha kurudi ndio unaowarudisha wote, hata kama mwenyewe ni mgeni wa jana na wengine ni mabingwa. Na kabla ya kuingia majini, wawili wawili hukaguana: mkanda umefungwa, vali imefunguliwa, hewa imeonjwa mdomoni. Ni dakika chache tu, vidole vya mmoja vikipapasa kifua cha mwingine.

Bunia haina bahari, na Ziwa Albert lina mamba na viboko. Klabu ya wazamiaji ya huku ingelazimika kufunga safari hadi visiwa vya Pemba au Mafia. Hata hivyo ziwa lenyewe linafundisha. Uso wake uko takriban mita 620 juu ya usawa wa bahari, na Bunia iko zaidi ya mita 1,200. Mzamiaji akitoka majini na kuupanda mteremko kwa gari papo hapo, mgandamizo wa hewa hupungua, na naitrojeni iliyomwingia mwilini huweza kugeuka mapovu katika damu na viungo. Anayerudi kwa ndege kutoka Pemba yuko hivyo hivyo: baada ya siku kadhaa za kupiga mbizi hushauriwa angoje angalau saa 18. Sala haizifuti saa hizo. Mungu aliyeiumba damu ndiye aliyeipa tabia hiyo, na kuiheshimu ni kumtii.

Wenye elimu ya dini walishaliona hili. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimhesabu mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake kuwa na wazimu, si tawakali. Yesu naye, aliposhawishiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu ili malaika wamdake, alikataa.

Wapo wasioweza kupanga. Mapema mwaka 2018 makumi ya maelfu walikimbia mapigano ya Ituri wakavuka ziwa kwenda Uganda, wengi kwa boti za wavuvi. Mwenye mauti nyuma yake hana muda wa kuhesabu jile, na kumlaumu ni ukatili. Lakini kwaya inayokwenda kutembea haikimbizwi na mtu.

Basi wewe uliyekabidhiwa daftari la safari, kabla hujakusanya nauli andika kwanza majina ya wasiojua kuogelea. Jile ikipungua hata moja, chombo kisiondoke. Watu wakae ufukweni, wale samaki wao, waimbe, kisha warudi Bunia wote.