Balghamu na Subira

Balghamu ni neno geni la zamani katika lugha yetu. Leo twalijua kwa maana ya makohozi, yamsumbuayo mwenye kifua. Asili yake ni Kiyunani, phlegma. Waarabu wakalipokea wakasema balgham, na kwao ndiko tulikolipata. Waajemi, Waturuki na wasemao Kiurdu wanalo vilevile, na Waingereza na Wafaransa walilipata kwa njia ya Kilatini. Ajabu ni kwamba mzizi wake kwa Wayunani ni kuwaka moto, ilhali matabibu wa kale walikuja kulitumia kwa kitu cha baridi na majimaji.

Matabibu hao, waliomfuata Hippocrates, waliuona mwili kuwa na vimiminika vinne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi na balghamu. Afya ni kulingana kwake. Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, aliieneza elimu hiyo; Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 873, akavifasiri vitabu vyake kwa Kisiryani na Kiarabu; naye Ibn Sina akaipanga katika Qanun. Haikuishia kwenye maradhi. Aliyezidiwa na nyongo ya manjano, walisema, ni mwepesi wa hasira. Aliyezidiwa na balghamu ni mtulivu na mzito.

Sayansi ya leo imeiacha elimu hiyo, lakini swali lake lingalipo. Ikiwa upole wangu ni wa maumbile, nasifiwa kwa lipi? Na mwenye hasira alaumiwe kwa lipi?

Galen aliliona swali hili. Katika risala yake juu ya nafsi kufuata mchanganyiko wa mwili, alijibu kwamba twaupenda wema na kuuchukia uovu bila kuuliza ulikotoka: nge hakujiumba, nasi twamuua. Jibu hilo lina ukali, ila halitoshi. Nge hawezi kuuzuia mwiba wake. Mwanadamu aweza kuuzuia mkono wake. Na katika risala hiyohiyo Galen aliwaita watu wajifunze kwake wale nini na wanywe nini ili nafsi zao zitengenee. Basi hata yeye hakuamini kwamba maumbile ni kifungo. Asemaye, "Ndivyo nilivyoumbwa," ameshika nusu ya mafundisho akaitupa nusu.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Tabia kwa asili ya Kiarabu ni maumbile, kwetu sisi ni mwenendo pia, na kila siku twaambizana, "Badilisha tabia yako." Lau tabia ingekuwa umbile tu, maneno hayo yasingekuwa na maana.

Yabaki ya sifa, na hapa ndipo tukoseapo mara nyingi. Mtu ameketi barazani, asikia jirani akimpiga mkewe, naye aendelea kunywa kahawa yake bila kutikisika. Kesho watu humsifu: huyu bwana ana subira. Hasha! Hiyo ni balghamu. Subira ni ya mwenye kuumia akajizuia. Asiyeumia hakuzuia kitu. Na hata mwenye kuumia, akijizuia pale apaswapo kuinuka, amekosa.

Je, basi mpole wa kuzaliwa hana thawabu? Anayo, ila haipatikani palepale apatapo yake mwenye hasira. Mwenye moto kazi yake ni kujizuia, mwenye baridi kazi yake ni kuinuka, kubisha mlango wa jirani na kusema, "Acha." Kila mmoja hupimwa kwa lile ambalo maumbile hayakumpa. Tukichanganya mizani hizi mbili, twamvika mzembe kilemba cha mwenye subira, na mwanamke yule nyuma ya ukuta aendelea kupigwa, mtaa mzima ukijisifu kwa utulivu wake.