London kwa Mfuko Mwembamba

London ina sifa ya kumkausha mtu mfuko, na kwa upande wa malazi sifa hiyo ni ya haki. Lakini hazina zake kubwa hazina kiingilio. British Museum, iliyofungua milango mwaka 1759, huingiwa bure. Humo limo jiwe la Rosetta, lililowawezesha wasomi kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. National Gallery nayo ni bure, pamoja na alizeti za van Gogh. Maonyesho ya muda ndiyo hulipiwa. Yapite bila majuto.

Kwangu mimi, hili la fundi viatu na waziri kusimama mbele ya picha ileile bila kuulizwa senti ni jambo kubwa kuliko picha yenyewe. Mgeni mwenye akiba ndogo asiingie humo kwa kunyata. Aingie kama mwenye haki.

Westminster Abbey huwatoza watalii pesa nyingi, ila anayekwenda kwenye ibada ya jioni halipi, na kwaya yake inastahili safari. Nenda kusali au kusikiliza kwa heshima, si kupiga picha.

Panda basi badala ya treni ya chini ya ardhi. Nauli ni moja kwa umbali wowote, na ukilipa kwa kadi, kisha ukabadilisha basi ndani ya saa moja, hutozwi tena. Chakula nunua supamaketi, ukakile Hyde Park. Mabenchi ni bure; viti vya turubai ndivyo hukodishwa.