Msafiri wa Miaka Ishirini

Leo nataka tuangalie swali nililoulizwa mbali na pwani yetu, nami naona kwamba latuhusu sote.

Nilikwenda Takaba, katika Mandera ya Magharibi, kusomesha kwa siku chache. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia mzee mfugaji, simu i mkononi. Mwanawe yuko Uingereza, katika mji wa Manchester, kwa muda wa miaka 20 sasa. Kila mwezi huleta fedha kwa hawala. Kwa fedha hizo hununuliwa maji ya mifugo wakati wa ukame, na wajukuu hulipiwa skuli. Basi mzee hakuja kushitaki upungufu wa fedha. Alisema: "Sheikh, nikimwuliza mwanangu khabari za jirani zake, hajui hata moja. Huniambia, 'Baba, mimi hapa ni msafiri tu.' Safari hii itakwisha lini?"

Sikuwa na jawabu usiku ule. Lakini nilikumbuka ziara yangu katika mji huo.

Sisi wa pwani twaijua Manchester hata kama hatukufika. Merikani ilitoka Marekani, kama jina lake lisemavyo. Lakini nguo za ulaiti zilitoka Ulaya, na Manchester ilikuwa soko kuu la pamba na nguo za viwanda vya Lancashire. Hata pamba iliyoanza kupandwa Uganda kwa ajili ya biashara, tangu mwaka 1903, ilikusudiwa kulisha viwanda vya Uingereza. Riziki ya mji ule iliwahi kuunganishwa na majembe ya watu wa kwetu.

Leo riziki hiyo imehama. Nilisimama ndani ya Royal Exchange, jumba kubwa walimokutana wafanya biashara ya pamba. Biashara ilikoma humo mwaka 1968, na tangu mwaka 1976 ni jumba la michezo ya kuigiza. Juu ukutani ungaliko ubao wa bei, nao waonyesha bei za siku ile ya mwisho. Viwanda vingi vilivyosalia vimegeuzwa nyumba za kupanga na maofisi.

Katika miaka ya 1950 na 1960 walikuja Waislamu wengi kutoka Pakistan kufanya kazi katika viwanda vya Oldham na Bradford, miji iliyo karibu, na wengi waliwekwa zamu za usiku. Wengi wao walinuia miaka michache, kisha warejee makwao. Viwanda vikafungwa, nao wakabaki, wakazaa, wakazikana huko. Wasomali nao wako wengi Manchester, khasa mtaa wa Moss Side. Basi swali la mzee si la mwanawe peke yake.

Tutazame fikihi yetu inasemaje. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkaazi, na hapunguzi sala tena. Hata yule angojaye haja yake ambayo huenda ikatimia siku yoyote, amewekewa mpaka wa siku 18. Basi tukimkataza mtu ruhusa ya msafiri katika rakaa zake, vipi tumwachie ruhusa hiyo katika jirani zake kwa miaka 20?

Asubuhi yake mzee alinichukua hadi kwenye silanga, yaani bwawa la kuchimbwa la kukinga maji ya mvua. Watu walikuwa wakizoa matope ili mvua zijazo zipate nafasi. Kati yao alikuwamo mgeni aliyefika na ngamia wake siku ile ile. Nikauliza: "Huyu naye yampasa kuchimba, na kesho ataondoka?" Mzee akajibu: "Ngamia wake wamekunywa." Kisha akanyamaza, akanitazama. Nikafahamu kwamba amejijibu swali lake mwenyewe.

Atasema msemaji: "Nchi ile si yetu, na wako huko wasiotupenda." Huenda ni kweli. Lakini haki ya jirani haikufungamanishwa na mapenzi yake kwetu. Mwingine atasema: "Akishughulika na mji wa ugenini atawasahau wazee wake." Nami nasema, mtu aliyezoea kumpitia jirani mgonjwa bila ya salamu, je, mazoea hayo yatakoma siku atakaporudi Takaba?

Tena watu wa mji ule wenyewe waliwahi kujua kwamba wajibu haupimwi kwa riziki. Vita vya Marekani vilipokatiza pamba, Lancashire iliingiwa na njaa. Juu ya hayo, tarehe 31 Disemba 1862, wafanyakazi walikusanyika Manchester wakamwandikia Abraham Lincoln kumuunga mkono dhidi ya utumwa, naye akawajibu Januari 1863. Si wote wa Lancashire waliokuwa na rai hiyo. Lakini wale waliosimama walisimama na matumbo matupu, kwa ajili ya watu wasiowajua.

Tusimtazame kijana wa Takaba peke yake. Wangapi katika sisi wamekaa Mombasa, Dubai au Maskati miaka na miaka, wanakula katika mji na kusema uchafu wa mtaa si wao, mayatima wa mtaa si wao, kwa kuwa "sisi si wa hapa"? Na wangapi miongoni mwetu wenyeji humwambia aliyetoka bara kwamba si wa hapa, kisha tukamlaumu kwa kutoshika jembe?

Mzee alimpigia mwanawe simu mbele yangu. Hakumwamuru arudi, wala hakumwomba fedha. Alimwambia: "Nenda leo kamwamkie wa mlango wa pili, kisha uniambie jina lake."

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza haki za kila mahali tulipokunywa maji. Wallahu aalam.